Chombo na Bahari Yake: Kuchagua Gari la Safari za Nyikani

Wazee wetu wa visiwani hawakuwa wakiulizana chombo kipi ni kizuri. Wakiulizana: waenda wapi, na kwa msimu gani? Mwenye kuelekea Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi alitaka jahazi la tumbo pana, na mwenye kupita baina ya mikoko ya Pate maji yakipwa alitosheka na dau lake. Na mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi pasi na msumari hata mmoja, ulipendwa kwa kuwa ulipokwaruza mchanga ulilegea na kupinda, haukupasuka. Kila chombo na bahari yake.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu siku hizi watu wetu wa Pwani wameingiwa na hamu ya kutembea bara. Zamani likizo ilikuwa ni kwenda kwa shangazi Malindi, basi. Leo utaona jamaa nzima, bibi na wajukuu, wamejipakia hema na masufuria kwenda kulala Shimba Hills, au Tsavo, au kupanda milima ya Taita kuonja baridi ya Wundanyi. Jambo zuri. Kasoro ni kwamba kabla ya hema huja gari, na katika kuchagua gari ndipo akili za watu zinapopotea.

Kwanza neno lenyewe. Watu husema “fo-wili”, na kwa neno hilo moja wamevifungia pamoja vitu vitatu visivyofanana. Liko gari ambalo kwa kawaida huenda kwa magurudumu mawili ya nyuma, na dereva ndiye anayeyaamrisha ya mbele nayo yavute anapoingia matopeni. Ndivyo ilivyo Suzuki Jimny, na ndivyo yalivyo Land Cruiser yale magumu ya kazi. Gari la namna hii usiliendeshe kwa manne kwenye lami kavu, kwani magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa penye kona, na vyuma hushindana mpaka kimoja kikasalimu amri. La pili ni lile ambalo manne huvuta wakati wote, kama Prado, au Subaru Forester kwa njia yake nyingine. La tatu ni yale magari ya mjini yaliyovishwa kanzu ya nyikani, mfano wa RAV4 na X-Trail nyingi. Hayo huvuta kwa mbele, na ya nyuma huitwa kusaidia pale tu ya mbele yanapoteleza.

Na tahadhari hapa, msomaji. Katika hayo ya tatu yamo mengi yasiyovuta nyuma kabisa. Umbo ni lile lile, jina ni lile lile, na muuzaji ataapa. Usibishane naye. Chuchumaa uangalie chini ya gari: ikiwa hakuna shafti iendayo nyuma na hakuna difu baina ya magurudumu ya nyuma, hilo ni gari la magurudumu mawili, hata likiandikwa nini ubavuni.

Lakini hata magurudumu manne si dawa ya kila ugonjwa. Difu ya kawaida ina tabia ya kupeleka nguvu kwa gurudumu lililo jepesi. Gurudumu moja likining’inia hewani, hilo ndilo litakalozunguka kama feni, na lenzake lililokanyaga ardhi litakaa kimya. Ndiyo maana magari ya nyikani hasa huwa na kifungo cha kuifunga difu, na tena giya za pole zenye nguvu, za kushukia mteremko wa mawe bila ya kuunguza breki. Prado na Jimny zina giya hizo. Forester nyingi zinazoletwa kwetu hazina. Je, Forester haifai? La, yafaa sana, kwa mwenye kujua mpaka wake.

Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu, mwenye mke na watoto watatu. Alinijia jioni moja akaniambia, “Ami, nimeiona Prado pale bandarini, safi kama yai. Bei yake imenishinda kidogo, lakini mama ana kile kishamba cha minazi kule Kilifi. Naona tukiuze.”

Sikumjibu. Nilimchukua mpaka kwa fundi mmoja mzee ambaye amezeekea chini ya magari, na baada ya salamu na kahawa fundi akamwuliza, “Mwanangu, wataka kwenda nayo wapi?”

“Tsavo, mzee. Na Shimba Hills. Na pengine Marafa.”

“Mara ngapi kwa mwaka?”

Kijana akahesabu kwa vidole. Likizo ya Aprili, ya Agosti, ya Desemba. Mara tatu.

“Na siku zilizobaki?”

“Shuleni na sokoni.”

Fundi akacheka, si kwa kumdharau. “Basi wanunua gari la siku kumi na tano, ulilishe siku mia tatu na hamsini. Mafuta yake, matairi yake, spea zake, zote ni za gari kubwa, hata ukienda kununua nyanya Kongowea. Na minazi haitarudi.”

Nakiri maneno yale ya minazi yalinichoma zaidi kuliko yale ya mafuta. Ardhi ngapi za Pwani zimeuzwa kwa ajili ya vyuma ambavyo baada ya miaka kumi vimekuwa makazi ya kuku?

Tuzitazame hizo njia zenyewe. Mombasa mpaka Voi ni lami, kama kilomita 150 hivi. Ukiingia Tsavo Mashariki kwa lango la Voi, njia kuu ni za udongo mwekundu uliosindiliwa, na wakati wa kiangazi gari lolote lililoinuka vya kutosha litakufikisha Aruba na Mudanda. Mambo hubadilika mvua ikinyesha. Udongo mweusi, kila unapoukuta, hunata kwenye matairi mpaka yakawa mviringo laini kama maandazi, na hapo fo-wili na si fo-wili wote hulala njiani. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna mchanga. Shimba Hills kuna miteremko ambayo mvua ya masika huifanya sabuni. Kwa hiyo mwezi wa kusafiri ni sehemu ya kuchagua gari. Mwenye kwenda Agosti na Februari hahitaji silaha za mwenye kwenda Mei.

Wakongwe wenzangu watakumbuka mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, ikivuta kwa magurudumu mawili tu, katika matope ambayo leo yangemfanya mtu apige simu ya kuomba msaada. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, kwa magari ya mawili. Haikuwa mpaka 1987 ndipo gari la manne, Audi ya Hannu Mikkola, lilipotwaa ushindi kwa mara ya kwanza. Sisemi manne si kitu, kwani tangu hapo mawili hayakupata raha. Nasema dereva na tairi huja kabla.

Tairi hasa! Watu hutoa mamilioni kwa gari kisha wakalivalisha matairi yaliyokwisha meno. Tairi zuri lenye meno ya njia za udongo litakuvusha mahali ambapo difu ya fahari itashindwa. Na kwenye mchanga mzito, punguza upepo: kutoka pauni 30 shuka mpaka 20 au chini kidogo, tairi litapanuka kama wayo wa ngamia. Ukifika lami jaza tena kabla ya kwenda mbio, kwa hivyo pampu ndogo iwe garini. Mwenye Subaru akumbuke pia kwamba matairi yake manne hutaka kuwa sawa kwa ukubwa na kwa kuchakaa, la sivyo ataumiza mitambo.

Sasa kwa ndugu zangu wa Pwani hasa: kutu. Land Rover ya zamani, iliyozaliwa 1948 na ambayo utengenezaji wake ulikoma Januari 2016, ina bodi ya aluminiamu, na wengi hudhani haili kutu. Bodi haili, lakini chesi ni ya chuma, na hewa yetu ya chumvi huila polepole kutoka ndani. Gonga chesi kwa nyundo ndogo kabla ya kutoa pesa. Hata lililotoka Japani majuzi si lazima liwe salama, maana kwenye majimbo ya baridi kule barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, lakini miaka minane ya chumvi ni mingi. Na wale vijana wanaokimbiza magari ufuoni maji yakipwa ili wapigwe picha, wajue wanalinunulia gari sanda.

Kulala nje nako kuna hesabu yake. Jimny ni shujaa wa njia, hakuna ubishi, lakini ukiwaketisha watu wanne haibaki nafasi hata ya sufuria ya pilau. Kwa wawili inatosha kabisa. Forester inachukua jamaa ya watu watano kwa kubanana, na vitu vizito vikae chini ndani, si juu ya paa, kwani gari lenye mzigo kichwani hupinduka upesi. Maji yakadirieni lita tano kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupika, kisha ongezeni ya udhu. Tayamamu ipo kwa asiyepata maji, haikuwekwa kwa aliyeona uvivu wa kubeba mtungi. Na dira ndogo ni rahisi kuliko kubishana kibla gizani.

Kuna jambo moja ambalo hakuna gari litakalokuokoa nalo, nalo ni mto uliofura. Mvua za El Nino za Novemba 2023 zilikata barabara nyingi za Pwani na Kaskazini Mashariki. Maji yaendayo kasi, yakiwa kimo cha futi mbili tu, yaweza kuliinua na kulichukua hata gari kubwa. Usipime kwa mguu kwenye Galana, kuna mamba. Ngoja, au rudi.

Na kwa asiye na fedha, au asiyetaka kuingia katika mkopo wa riba kwa ajili ya starehe, kukodi kupo. Gari kubwa la siku nne, mkachanga jamaa mbili, ni nafuu mno kuliko kulifuga mwaka mzima.

Yule mwalimu alinunua Forester iliyotumika, akaibadilishia matairi yote manne kabla ya lolote jingine, na Desemba akaenda nayo Tsavo na kurudi. Mama yake angali anaangusha nazi Kilifi. Yeye mwenyewe, kila ikipita Prado, hugeuka kuitazama mpaka ipinde kona.