Simu yako ikiwa mikononi mwa askari

Machi 1872, huko Kwihara nje kidogo ya Tabora, mmisionari Livingstone alimkabidhi mwandishi wa habari Stanley daftari la kumbukumbu zake aende nalo pwani. Alilifunga kwa mihuri mitano ya lakiri na kuagiza lisifunguliwe. Lakiri haizuii kisu, ila humuumbua aliyefungua. Simu janja iliyofungwa vizuri ni ngumu kuifungua, lakini ikishafunguliwa haina alama ambayo mwenyewe ataiona.

Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mawasiliano. Hata hivyo, kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru kifaa kipekuliwe au kichukuliwe, akiridhika tu kwamba kuna sababu za msingi. Hakimu hahusishwi kwanza. Kwangu hiyo ni kasoro kubwa. Nchini Marekani, tangu hukumu ya kesi ya Riley mwaka 2014, askari huhitaji kibali cha mahakama kabla ya kupekua simu ya mtu waliyemkamata.

Sasa tuingie ndani ya simu yenyewe. Data zake huhifadhiwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo huundwa kwa kuunganisha namba yako ya siri na siri iliyofichwa kwenye chipu. Simu ikiwa imewashwa tu na namba haijaingizwa hata mara moja, ufunguo huo haupo, na picha na ujumbe wako havisomeki. Ukishaingiza namba mara ya kwanza, funguo nyingi hubaki kwenye kumbukumbu ya simu hata kioo kikijifunga. Hapo ndipo mitambo ya upekuzi kama ya Cellebrite hupata upenyo. Kwa sababu hiyo Apple, kuanzia iOS 18.1 ya mwaka 2024, iliifanya iPhone isiyofunguliwa kwa siku 3 ijizime na kujiwasha yenyewe. Google nayo ilileta kinga kama hiyo kwa Android mwaka 2025.

Usisubiri siku 3. Mwandishi wa habari au wakili anayepanda treni Tabora kwenda Kigoma, akihofia upekuzi, aizime simu kabisa mapema. Ikiwashwa tena itadai namba; alama ya kidole pekee haitatosha, na kidole ni rahisi kulazimishwa. Namba iwe ya tarakimu 6 au zaidi, isiwe tarehe ya kuzaliwa. Lakini kufuta data makusudi ili kukwamisha upelelezi ni kosa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria hiyohiyo ya Makosa ya Mtandao.

Kinachonitia hofu zaidi ni simu inayorudishwa. Mei 2025 polisi wa Kenya waliwakamata watengenezaji filamu na kuchukua vifaa vyao, wakavirejesha Julai. Wachunguzi wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walikuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY, iliyowekwa wakati vifaa viko mikononi mwa polisi. Kwa hiyo simu ikirudi, usiingize namba. Badilisha nywila zako zote kwa kutumia kifaa kingine, kisha mpelekee mwanasheria wako simu hiyo ikaguliwe na mtaalamu kabla ya kufutwa, maana yaliyomo yanaweza kuwa ushahidi wako mahakamani.