Kiwanja Hakinunuliwi kwa Picha

Zamani mtu wa Visiwani aliyetaka kununua nyumba au shamba alimwendea dalali barazani. Dalali huyo alijulikana kwa jina lake, kwa baba yake na kwa mtaa wake. Walitoka pamoja kwa miguu, wakaukanyaga mpaka, wakaihesabu minazi na mikarafuu, wakamsikiliza jirani, kisha wakarudi kuzungumza bei. Tangazo la dalali lilikuwa ni ulimi wake, na dhamana ya ulimi huo ilikuwa ni uso wake, kwani kesho yake angekutana na mnunuzi yule yule sokoni au msikitini.

Leo baraza hiyo imehamia katika simu ya mkononi. Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010, na kwa muda mfupi mitandao hii imekuwa ndiyo soko kubwa la viwanja na nyumba hapa Visiwani. Mchana na usiku picha zinapita: kiwanja Fumba, nyumba Mji Mkongwe, shamba kando ya bahari huko Paje. Chini ya kila picha pana namba ya simu, na mara nyingi hapana jina kamili la mtu.

Hatuandiki haya kwa kuichukia biashara hiyo. Udalali ni kazi ya halali na ya kale, na mitandao imewafungulia mlango vijana wengi wasio na mtaji wa kukodi ofisi. Mzee wa Wete mwenye nyumba ya kuuza sasa aweza kupata mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, Muscat au London bila ya kupanda meli. Mnunuzi naye aweza kulinganisha bei za mahali kumi kabla hajanyanyua mguu. Hizo ni faida za kweli, na mwenye kuzikataa atakuwa anagombana na wakati.

Lakini wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitandao imevipa vyote viwili miguu ya mwendo mmoja, na ndiyo maana yatupasa kuangalia jinsi matangazo haya yanavyotengenezwa.

Tuanze na picha. Pwani ya mashariki ya Unguja maji hupwa mbali sana, na wakati wa bamvua wanawake wa Paje na Jambiani hutembea mwendo mrefu juu ya mchanga mtupu kwenda kuhudumia mashamba yao ya mwani. Mpiga picha hodari huja saa ya maji kujaa, jua likiwa juu ya bahari, akarusha ndege ndogo isiyo na rubani, na mtazamaji wa mbali akaamini kuwa mawimbi yanapiga mlangoni saa zote. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni ya saa moja tu katika siku. Haionyeshi kuwa gari haifiki, kuwa bomba la maji liko mbali, wala kuwa wanakijiji wana njia yao ya kwendea pwani iliyopita katikati ya kiwanja tangu enzi za babu zao.

Kisha huja bei. Kiwanja kimoja huweza kuonekana katika kurasa za madalali watano kwa bei tano, kwa kuwa picha ni rahisi kunakiliwa na kila mmoja ameongeza cha juu chake. Baadhi yao hawajapata kukiona kiwanja chenyewe. Mwenye mali hushangaa kusikia kuwa nyumba yake inauzwa kwa fedha ambazo hakuzitaja, na mnunuzi hajui nani katika watano hao ametumwa kweli. Wala wingi wa wafuasi wa dalali usimdanganye mtu, kwa sababu wafuasi nao hununuliwa kama bidhaa nyingine.

Hatimaye kuna matangazo ya kulipia. Mwenye kulipa aliweza kuchagua nani alione tangazo lake: watu wa nchi gani, wa umri gani, wenye mapenzi gani. Huko Marekani, mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba. Ilipofika mwaka 2019, kampuni ya Facebook, baada ya kushitakiwa na vyama vya kutetea haki, ilikubali nchini humo kuwanyima watangazaji wa nyumba uwezo wa kuchagua watazamaji kwa umri, kwa jinsia au kwa eneo la posta. Twalitaja hilo kwa sababu hapa petu pia tangazo la kiwanja cha pwani, lenye bei ya dola, huweza kusafiri hadi Ulaya bila ya kupita mbele ya macho ya kijana wa kijiji hicho hicho anayetafuta pa kujenga.

Na ardhi yetu haizai. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Katika miaka 10 wameongezeka watu wanaokaribia laki sita, juu ya visiwa ambavyo vyote pamoja havifiki kilomita za mraba 2,700. Kila kipande kinachotangazwa ni kipande ambacho mtu fulani anakihitaji, na kila udanganyifu juu yake huzaa ugomvi wa miaka.

Zaidi ya hayo, sheria yetu ina mambo ambayo picha haiwezi kuyasema. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ilimpa Mzanzibari haki ya kuitumia. Asiye Mzanzibari hukodishwa kwa muda maalumu. Na ile sheria ya mwaka 2010 inayohusu nyumba za fleti ndiyo iliyomfungulia njia ya kununua fleti katika miradi iliyokubaliwa. Kwa hiyo dalali anayemtangazia mgeni kuwa atamuuzia ardhi moja kwa moja anamuahidi kitu asicho na uwezo wa kukitoa. Kadhalika eka tatu walizogaiwa wananchi hazikutolewa ili zikatwe vipande na kuuzwa. Mali ya wakf haiuzwi kama mali ya mtu. Na mali ya urithi ambayo haijagawanywa ni ya warithi wote, hata kama mmoja wao ndiye mwenye simu na hati.

Tuchukue mfano wa mtu wetu aliyeko Muscat. Amefanya kazi miaka 15, ameweka akiba, anataka kurudi kwao. Usiku mmoja anaona picha ya kiwanja, anapiga simu, anaonyeshwa hati kwa picha nyingine, na anaambiwa kuwa wako watu watatu wanaokitaka kesho asubuhi. Anapeleka fedha. Mwaka wa pili anafika na mafundi wake, akamkuta mama mzee ameketi chini ya mwembe, naye hajapata kusikia kuwa kaka yake ameuza. Mama huyo hana kosa, na mnunuzi naye hana kosa ila haraka. Watabaki kukutana Mahkama ya Ardhi, na dalali ameshabadilisha namba.

Basi twawaambia madalali wa kweli, ambao ni wengi, kwamba tangazo bora ni lile linalomwezesha mnunuzi kuhakikisha. Liandikwe jina kamili la dalali na mahali anapopatikana. Zitajwe shehia, ukubwa wa kiwanja kwa mita na namba yake ya upimaji kama kimepimwa. Na kama hakijapimwa, isemwe hivyo. Ionyeshwe njia ya kuingilia. Bahari ipigwe picha ikiwa imejaa na ikiwa imepwa. Dalali awe na barua ya mwenye mali inayomruhusu kutangaza na inayotaja bei. Kilichokwisha kuuzwa kiondolewe siku hiyo hiyo. Mwenye kufanya hivyo kwa mwaka mmoja hatahitaji kununua wafuasi, kwani wateja aliowatendea haki watamletea wengine.

Kwa wanunuzi, nasaha yetu ni fupi. Picha ikupendeze, lakini isikutoe fedha. Nenda mwenyewe, au mtume ndugu unayemwamini. Muulize sheha, waulize majirani wa pande zote nne, kisha iulize Kamisheni ya Ardhi. Usikubali kuharakishwa: kiwanja hakikimbii.

Kwa wakuu wa Serikali tunayo maombi mawili. La kwanza, daftari la ardhi lirahisishwe ili mwananchi, awe Micheweni au Muscat, aweze kuuliza kwa namba ya kiwanja na kujibiwa upesi kama kina mgogoro au hakina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mnunuzi huwageukia wapiga picha pale anapokosa jibu la haraka kwa wenye daftari. La pili, orodha ya madalali wanaotambuliwa iwekwe wazi kwa wananchi, na namba ya dalali itakiwe kuonekana katika kila tangazo, liwe la gazetini au la simuni. Atakayetangaza bila ya namba, watu wajue mara moja kuwa anajificha.

Dalali wa barazani alilindwa na kujulikana kwake. Tukimrudishia dalali wa leo jambo hilo moja, simu yake itakuwa neema kwa visiwa hivi. Tukiliacha, watoto wetu watarithi picha nzuri za ardhi ambayo hawataijua ni ya nani.