Kiuno Si Nyonga

Wapo watakaoshangaa kumsikia mwalimu wa isimu akizungumzia gofu. Nimelazimishwa na mgongo. Kwa miezi kadhaa uliniuma kila nilipopiga mpira, nao mpira ukaenda kombo.

Mkufunzi wangu alinihimiza, "Pinda kiuno!" Nami, kwa utiifu wa mwanafunzi, nikakipinda: mgongo ukawa upinde, mabega yakaporomoka. Nilipojirekebisha nikabinua makalio mno, mgongo ukabonyea. Kosa jingine hilo.

Aliyeniokoa ni kijana mbeba fimbo. "Mwalimu, kunja nyonga, kiuno kiache." Akanilaza fimbo mgongoni, iguse kisogo, mabega na mwisho wa uti wa mgongo, kisha akaniagiza niiname bila kuibandua popote. Magoti yakalegea kidogo, uzito ukatua katikati ya nyayo. Ile tabia yangu ya kuinuka na kusukuma nyonga mbele wakati wa kupiga tuliitibu kwa ukuta: napunga mikono bila mpira, makalio yasiuache ukuta.

Nyonga ina kiungo cha kukunjia. Kiuno ni pingili za mgongo. (Ni wanafunzi wangapi tumewalaumu kwa kutii neno letu bovu?) Nilimweleza mkufunzi tofauti hiyo. Akaitikia kwa heshima. Jumamosi iliyofuata nikamsikia akimwambia mwingine: "Pinda kiuno!"