Siku ya Watu Wawili: Fort Jesus na Chakula cha Mchana

Kabla sijaanza, kila mmoja wenu na atwae kalamu na karatasi, kwa maana mtaandika hesabu ndogo. Walio pamoja na mume au mke darasani na waketi karibu karibu. Karatasi moja yawatosha.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya matembezi ya mume na mke, siku moja tu, asubuhi mpaka jioni: kwenda kutazama makumbusho, kisha kula chakula kizuri pamoja. Huenda mtu akasema, "Mwalimu, hilo nalo ni somo?" Naam, ni somo. Watu waliooana miaka kumi au ishirini huzungumza kila siku, lakini maneno yao ni ada ya shule, unga, kodi ya nyumba, na mtoto aliyeshikwa na homa. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini mwulize mume, "Mkeo hupenda kutazama nini?" Hana jibu. Mwulize mke, "Mara ya mwisho mlitembea ubavu kwa ubavu ilikuwa lini?" Atakutajia arusi ya mtu, au matanga. Watu waweza kulala chumba kimoja miaka mingi wakawa kama wageni waliokutana stesheni.

Mfano wetu utakuwa Mombasa, nami nimeuchagua kwa sababu wako watu wa Likoni na Kisauni waliopita mbele ya lango la Fort Jesus mara elfu bila ya kuingia hata mara moja. Hudhani ni mahali pa watalii. Sivyo. Ni nyumba yetu, na mambo yaliyomo ndani ni ya wazee wetu. Ninyi mnaosikiliza kutoka miji mingine, wekeni makumbusho ya kwenu mahali pa Fort Jesus. Taratibu ni ile ile.

Jambo la kwanza ni kuambizana mapema. Sipendi ile desturi ya kumshtukiza mtu asubuhi, "Haya, vaa, twatoka!" Mke ameshaloweka nguo, mume ameshaahidi kwenda kwa fundi, na siku yaanza kwa ugomvi. Chagueni siku kwa pamoja, majuma mawili au matatu kabla. Tazameni kalenda: mwezi wa Ramadhani si wakati wa kutafuta chakula cha mchana Mombasa. Mpateni mtu wa kukaa na watoto, bibi yao au jirani mwema, naye mwambieni saa mtakayorudi, mrudi saa hiyo hiyo ili awakubalie mara ya pili.

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo siku nyingi huharibika. Mume huogopa kusema alicho nacho, mke huogopa kuuliza, na wakifika mezani kila mmoja ahesabu moyoni wala hasikii ladha ya chakula. Semeni wazi kabla ya kutoka. Msikope kwa ajili ya siku hii, hata kidogo. Wekeni kidogo kidogo: mkitia kando shilingi 150 kila Jumamosi kwa majuma 20, mtakuwa na shilingi ngapi? Fanyeni hesabu. Ni shilingi 3,000. Sasa andikeni katika karatasi yenu: nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha watu wawili, chakula, vinywaji. Katika fedha zote toeni sehemu ya kumi, mwifunge mbali kwa dharura. Bei za kiingilio hubadilika, basi ulizeni mapema ni kiasi gani na hulipwa kwa njia gani, fedha taslimu au kwa simu. Na msisahau vitambulisho: mwananchi hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, lakini yampasa aonyeshe kuwa ni mwananchi.

Nendeni asubuhi, saa tatu, kabla jua halijawa kali. Mawe ya ngome hushika joto kama chungu. Vaeni viatu vya kutembelea, maana ngazi si sawa, na chukueni maji.

Sasa mmeingia langoni. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yale yale yajengayo nyumba za pwani. Msitake kutazama kila kitu. Mtachoka na mtakasirikiana. Chagueni vitu vitatu au vine, mvitazame vizuri.

Mimi ningewaongoza kwanza kwenye michoro ya ukutani. Askari na mabaharia wa Kireno walichora kwa makaa na kwa udongo mwekundu, merikebu, samaki, watu. Si kazi ya fundi. Ni kazi ya mtu aliyekuwa zamu, mbali na kwao, akikumbuka chombo kilichomleta. Simameni hapo, mwulizane: huyu alikuwa akimkumbuka nani? Mtaona jinsi swali dogo kama hilo livyofungua mazungumzo ambayo nyumbani hayapati nafasi.

Kisha tazameni vitu vilivyotolewa baharini. Mwezi wa Machi mwaka 1696 majeshi ya Waomani yaliizingira ngome, na haikutekwa mpaka Desemba mwaka 1698. Hesabuni ni miezi mingapi: ni kama 33. Ndani walikuwamo Wareno na watu wa pwani waliokuwa upande wao, wakiwamo watu wa Faza. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 merikebu moja ya Kireno iliyoleta msaada, Santo António de Tanna, ilizama hapo mbele ya ngome. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, mpaka wapiga mbizi na wataalamu walipoichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980. Vyombo walivyovitoa mtaviona: ni vitu ambavyo mtu alivishika mkononi akitumaini kufika salama.

Iko na habari ya Yusuf bin Hassan, ambaye kwangu mimi ndiye mtu wa kusikitisha kuliko wote wa ngome hii. Baba yake alikuwa Sultani wa Mombasa, akauawa kwa fitina ya Wareno. Mtoto alipelekwa Goa, Bara Hindi, akabatizwa na kulelewa nao, kisha akarudishwa kuwa Sultani. Mwaka 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapiteni wa Kireno, akaitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, akaenda zake baharini. Je, alifanya vema? Mume na mke waweza kubishana juu yake njia nzima, wala hakuna atakayekasirika, kwa kuwa si habari ya ndugu wa upande wowote!

Mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, ikawa gereza mpaka mwaka 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Kama katika ukoo wenu yuko mzee aliyepata kufungwa humo, hapo ndipo pa kumsimulia mwenzio. Malizieni katika Nyumba ya Waomani, juu, ambako upepo wa bahari huingia na Mji wa Kale waonekana. Hapo ketini kidogo. Msiseme neno, kama hamna la kusema.

Neno moja juu ya kusoma. Karibu na kila kitu yako maandishi. Huenda mmoja wenu amekwisha jua kusoma na mwingine bado. Aliyejua na asome kwa sauti ya chini, polepole, asijifanye karani wa mahakama. Akiwa ni mke ndiye ajuaye, mume asione haya kuinamisha sikio. Na hata maandishi yakiwa ya lugha ngeni, tarakimu ni zile zile: 1593, 1631, 1696. Asiyejua herufi na atafute miaka, amwonyeshe mwenzake.

Ikifika saa sita, njaa imeuma. Mji wa Kale uko hapo hapo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tembeeni pamoja. Yako mazoea ya mume kutangulia hatua kumi mbele kama anayekimbizwa. Siku hii aache. Chagueni hoteli yenye kivuli, si ile ambayo watu hula wamesimama. Ulizeni orodha ya vyakula, mwisome wote wawili na bei zake kabla ya kuagiza. Ningewashauri samaki wa kupaka kwa wali wa nazi. Samaki huyu huchomwa kwa makaa, huku akipakwa rojo la nazi, ukwaju na viungo, basi hataki haraka. Mwenye kuagiza akaanza kugonga meza baada ya dakika tano ameagiza chakula kisicho chake. Au agizeni vyakula viwili mbalimbali, biriani na samaki, mle sinia moja.

Kwa mke, chakula hiki kina ladha nyingine tena. Amepika kutwa mara mbili au tatu kwa miaka, na leo ameketi, mtu mwingine yu motoni. Mume, usimwulize, "Je, wewe ungepikaje?" Mwache ale. Na simu zenu zitieni mfukoni au mkobani. Atakayepiga kwa shida kubwa atapiga tena.

Jioni, kama fedha zimebaki, pandeni tuktuk mpaka Mama Ngina, kando ya mlango wa Kilindini. Watu huketi hapo wakinywa madafu na kula muhogo wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, wakitazama meli kubwa zikiingia bandarini. Kama fedha zimekwisha, kutazama meli hakulipiwi.

Kazi ya juma hili ni hii. Andika barua ya mistari mitano kumwalika mume wako au mke wako. Taja siku, saa ya kutoka, mahali mtakapokwenda, na chakula ungependa mle. Kama mwenzio hajui kusoma, mwandikie vivyo hivyo, kisha umsomee mwenyewe. Barua hii usiilete darasani nikusahihishie. Mpe aliyeandikiwa.