Reli ya Haworth: Kazi ya Mikono ya Wenyeji

Kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, uko mji mdogo uitwao Haworth, uliojengwa juu ya mlima mkali. Chini yake, bondeni, ipo stesheni ndogo ya mawe. Reli ipitayo hapo ni tawi la maili 5 tu. Yaanzia Keighley, penye njia kubwa, na kukoma katika kijiji cha Oxenhope. Reli hii ni fupi, lakini habari zake zafaa kujulikana na kila mtu apendaye maendeleo ya kwao.

Zamani wenyeji wa bonde hilo walipata riziki zao katika viwanda vya nguo za sufu. Viwanda vilihitaji makaa ya mawe, nayo yalipandishwa kwa mikokoteni ya farasi kwa taabu nyingi. Yasemekana kwamba mwaka 1861 mhandisi John McLandsborough alikwenda Haworth kupaona mahali alipoishi marehemu Charlotte Brontë, mwandishi mashuhuri wa hadithi. Akastaajabu kuona kwamba hakuna reli, akawashauri wakubwa wa bonde wajenge njia yao. Shauri likawapendeza. Wakanunua hisa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka 1862 Bunge likawapa idhini. Kampuni ya Midland Railway ikakubali kuendesha magari.

Februari 1864 Bwana Isaac Holden, mwenyekiti wa kampuni ya wenyeji, alichimba udongo wa kwanza. Kazi ilikuwa na mikasa mingi. Husimuliwa hata leo kwamba ng'ombe mmoja alizila ramani za reli karibu na Oakworth! Hatimaye, tarehe 13 Aprili 1867, njia ilifunguliwa. Siku hiyo hiyo gari la moshi lilishindwa kupanda mlima, ikabidi mabehewa yakatwe mafungu mawili ndipo safari iendelee. Watu hawakukata tamaa.

Kwa miaka zaidi ya 90 gari liliwachukua wafanyi kazi, wanafunzi, barua na mizigo. Ndipo mabasi na motokaa zikaongezeka, abiria wakapungua. Wakati huo reli za nchi zilikuwa mali ya Serikali tangu mwaka 1948, na matawi mengi yalikuwa yakila fedha kuliko yalivyoingiza. Mwishoni mwa mwaka 1961 magari ya abiria yalikomeshwa, na mwaka 1962 ya mizigo pia. Mwaka 1963 Daktari Richard Beeching alitoa taarifa yake iliyoshauri kufunga stesheni zaidi ya 2,000 nchini. Mahali pengi vyuma viling'olewa na ardhi ikauzwa. Na reli ikiisha kung'olewa, ni shida kubwa kuirudisha.

Watu wa bonde la Worth walilijua jambo hilo, nao hawakukaa kulalamika. Mwaka 1962 waliunda chama, wakafanya mapatano ya kuinunua njia na kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Siku za mapumziko walikuja na majembe na ndoo za rangi. Walifyeka magugu, wakatengeneza mataruma, wakasafisha injini zilizopata kutu. Kazi hiyo ilichukua miaka 6, bila mshahara. Tarehe 29 Juni 1968 gari la moshi likapiga tena filimbi bondeni.

Mwaka 1970 mchezo wa sinema uitwao The Railway Children ulipigwa picha katika stesheni ya jirani, Oakworth, na wageni wakazidi. Hata leo injini za makaa hutengenezwa Haworth, na wengi wa wauza tikiti, magadi na madreva ni watu wa kujitolea. Mtu huweza kuwa karani ofisini siku za kazi, na siku ya Jumamosi akavaa kofia ya bwana stesheni.

Mara ya kwanza wenyeji walitoa fedha zao. Mara ya pili walitoa fedha na jasho. Haba na haba hujaza kibaba, na wale walioanza kwa kufyeka magugu sasa wana reli yao wenyewe.