Sahihi ya kidijitali yawaumbua watumaji wa ilani ghushi

MNAMO Septemba 2003, watumiaji wengi wa tarakilishi walipokea baruapepe iliyodai kutoka kwa kampuni ya Microsoft. Iliwahimiza wafungue faili iliyoambatishwa ili kurekebisha kasoro za usalama. Waliotii walijiwekea kirusi cha Swen kwa mikono yao wenyewe.

Jina la mtumaji halithibitishi lolote, kwani yeyote aweza kuandika alitakalo. Ndiposa mradi wa Debian, unaosambaza mfumo wa Linux bila malipo, hutia sahihi ya kidijitali katika ilani zake za usalama.

Programu maarufu ya kazi hiyo ni GnuPG, ambayo Mjerumani Werner Koch alitoa toleo lake la 1.0 mnamo 1999. Mtumaji huwa na funguo mbili: wa siri wa kutilia sahihi, na wa umma ambao msomaji hukagulia. Herufi moja ya ilani ikibadilishwa njiani, sahihi hukataliwa.

Anayetuma ilani mara kwa mara huziweka amri zake katika skripti ya sheli, yaani faili ya amri ambazo tarakilishi hutekeleza moja baada ya nyingine. Mpangilio wake ndio muhimu. Skripti huchukua maandishi yaliyokwisha kuhaririwa, huyatia sahihi kwa amri ya gpg --clearsign, kisha huikagua sahihi hiyo kwa gpg --verify. Pakiwa na dosari, husimama papo hapo. La sivyo, hutuma. Mistari ikipangwa upya baada ya sahihi kutiwa, hata ilani halali itaonekana ghushi. Isitoshe, sahihi ya aina hii haikingi kichwa cha baruapepe, hivyo nambari ya ilani na tarehe sharti ziwe ndani ya maandishi yenyewe.

Kishawishi kikubwa ni kuandika nywila ya ufunguo ndani ya skripti ili kazi ijiendeshe. Huko ni kumkabidhi fisi bucha: atakayeiba faili hiyo pamoja na ufunguo ataweza kutoa ilani kwa jina la shirika. Afadhali mhusika aingize nywila mwenyewe, nayo programu ya gpg-agent iihifadhi kwa muda mfupi.

Mnamo Septemba 2017, kitengo cha usalama cha kampuni ya Adobe kilichapisha mtandaoni, kwa bahati mbaya, ufunguo wake wa siri pamoja na ule wa umma. Ilibidi ubatilishwe na mwingine kutengenezwa.