Kochi halitagi: Pamba sebule yako bila kula mtaji

MSIMU wa korosho unapofika Kisarawe, kuanzia mwezi wa Oktoba, si magunia peke yake yanayoonekana barabarani. Fedha za mnada zikishaingia, huonekana pia maguta na magari madogo ya mizigo yakipanda kutoka Dar es Salaam kupitia Pugu yakiwa na makochi yaliyofungwa nailoni, makabati ya televisheni na magodoro. Kibaha hali ni hiyo hiyo, ila huko msimu hauna mwezi maalumu. Mfugaji akiuza kuku au mama lishe wa Maili Moja akipokea mchezo wake, safari ya kwanza mara nyingi ni dukani kutafuta samani.

Hakuna ubaya katika jambo hilo. Mkulima anayeamka saa kumi na moja alfajiri anastahili kukaa mahali pazuri jioni. Tatizo ni kwamba wengi wetu hununua samani zote kwa mkupuo, kwa fedha ambazo zilikwishapangiwa kazi nyingine. Miezi mitatu baadaye sebule inang'aa, lakini hakuna fedha ya dawa ya kupulizia mikorosho wala ya chakula cha kuku.

Mwandishi wa makala haya hasemi hivyo kwa kuwasimanga wengine. Nilipohamia nyumba yangu Kibaha, nilikuwa nimeweka akiba ya kununua vifaranga 100 vya kuku wa mayai pamoja na chakula chao hadi watakapoanza kutaga. Banda lilikuwa tayari. Wageni wa kuja kuona nyumba walikuwa tayari pia, na sebule ilikuwa tupu. Nikaingia duka moja kubwa la samani, nikatoka na seti kamili ya makochi na kabati la televisheni. Mama yangu alipokuja kutoka Kisarawe alikaa juu ya kochi, akalipapasa, akatazama nje kwenye banda tupu, kisha akasema: "Zuri. Lakini kochi halitagi, mwanangu."

Mimi ndiye niliyesomea uchumi wa kilimo, lakini hesabu aliipiga yeye.

Gharama ambayo haipo kwenye risiti

Tuipige hesabu hiyo kwa mfano. Bei hubadilika, hivyo msomaji aweke za mahali pake. Kuku 100 wa mayai wanaotaga vizuri wanaweza kutoa mayai 75 kwa siku, yaani trei mbili na nusu. Trei ikiuzwa Sh9,000, hiyo ni Sh22,500. Kuku mmoja hula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 hula kilo 12. Kilo ikiwa Sh1,100, chakula ni Sh13,200. Kinachobaki ni Sh9,300 kwa siku, au Sh279,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa dawa, maranda, umeme na gharama ya kuwakuza kuku hao.

Kwa hiyo kila mwezi ambao banda langu lilikaa tupu kwa sababu ya kochi, bei ya kochi iliongezeka, ingawa risiti haikubadilika. Wanauchumi huita hiyo gharama ya fursa iliyopotea. Kwa mkulima ni jambo la kawaida kabisa: ukila mbegu, umekula na mavuno yake.

Hivyo kanuni ya kwanza ni kutenganisha mifuko. Fedha za pembejeo, za bidhaa za duka na za ada ya shule zikae peke yake. Samani zinunuliwe kwa fungu linalotokana na faida, kwa mfano shilingi 10 katika kila 100 ya faida baada ya kila mauzo. Fungu hilo litajaa polepole, na wewe utanunua kitu kimoja kimoja.

Mikopo ya samani nayo ipimwe. Ukiambiwa kabati ni Sh800,000 taslimu, au ulipe Sh110,000 kila mwezi kwa miezi kumi, zidisha kwanza. Utalipa Sh1,100,000. Umeongeza Sh300,000 juu ya kitu ambacho hakikuingizii hata shilingi moja ya kulipia deni hilo. Mkopo wa kikundi unaostahili kwenda kwenye mbolea au bidhaa usipelekwe kwenye sebule.

Duka kubwa au fundi wa mtaani?

Samani za maduka makubwa zina mvuto wake. Zimekamilika, unaziona kabla ya kulipa, na nyingine huuzwa bei ambayo fundi hawezi kuifikia. Siri ya bei hiyo inafahamika. Kampuni ya IKEA ya Sweden ilianzishwa mwaka 1943 na kijana wa miaka 17 aliyeitwa Ingvar Kamprad. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za majina yake mawili, la shamba alikokulia, Elmtaryd, na la kijiji chake, Agunnaryd. Katika miaka ya 1950 kampuni hiyo ilianza kuuza samani zikiwa zimefunguliwa na kulazwa ndani ya maboksi bapa, mnunuzi akaziunge mwenyewe nyumbani. Inasimuliwa kuwa wazo lilikuja pale mfanyakazi mmoja alipong'oa miguu ya meza ili ienee kwenye gari. Meza yenye miguu hujaza gari kwa hewa, na hewa hiyo husafirishwa kwa fedha ya mnunuzi.

IKEA haipo Maili Moja wala Mlandizi, lakini somo lake linatufaa. Ukiagiza meza kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam, mwambie miguu aifunge kwa bolti badala ya kuigongelea misumari. Itasafiri ikiwa imelala, pamoja na mizigo mingine, na nauli itapungua.

Upande wa pili wa bei ndogo ni malighafi. Samani nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa MDF au chipubodi, yaani unga au vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi ngumu yenye sura ya mbao. Vitu hivi havipendi maji. Pwani tuna masika na vuli, na sakafu zetu hupigwa deki kila siku. Kabati langu la televisheni lilivimba miguu masika ya pili, na skrubu zikakosa pa kushika. Fundi aliyekuja kulitazama alisema mbao angeweza kuiranda na kuiunga, lakini ule unga hauungiki.

Kumbuka pia kwamba maduka hayo huja na kuondoka. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, na Nakumatt nayo ikaja kufilisika. Game, iliyokuwa Mlimani City, ilifunga mwaka 2022. Aliyenunua kitu chenye bawaba au kufuli ya aina ya pekee katika duka lililofungwa ajitafutie mwenyewe kipuri.

Hii haina maana kwamba tusinunue huko. Mpangaji anayehama kila mwaka atafaidika na rafu nyepesi inayofunguka kuliko kabati la mninga linalohitaji watu sita. Meza ya mtoto ya kusomea, kioo, taa na rafu ya viatu ni vitu ambavyo duka linaweza kukuuzia kwa nafuu. Ukiinua tu miguu yake kwa vipande vya mpira ili isiguse maji ya deki, itadumu zaidi.

Lipia mifupa, okoa kwenye nguo

Kanuni ya pili ni kujua kitu gani kinastahili fedha nyingi. Kila samani ina mifupa na nguo. Mifupa ni fremu ya kitanda, ya kochi na ya meza. Nguo ni kitambaa, mito, mapazia na rangi. Mifupa hulipiwa vizuri mara moja. Nguo hubadilishwa, na ndizo zinazobadilisha sura ya nyumba.

Tuchukue mfano. Seti ya Sh1,200,000 yenye fremu dhaifu ikidumu miaka minne, umelipa Sh300,000 kila mwaka. Seti yenye fremu ya mninga kwa Sh1,600,000 ikidumu miaka 16, na ukaivalisha kitambaa na sponji mpya mara tatu kwa Sh250,000 kila mara, jumla ni Sh2,350,000. Hiyo ni takriban Sh147,000 kwa mwaka, ambayo haifiki nusu ya ile ya kwanza.

Msomaji atauliza: Hiyo Sh1,600,000 itoke wapi bila kugusa mtaji? Jibu ni kuacha kununua seti. Agiza kochi moja la watu watatu msimu huu, viti viwili msimu ujao. Mwachie fundi kipande cha kitambaa, au chagua kitambaa cha rangi moja kinachopatikana wakati wote, ili vitu vya baadaye vifanane na vya mwanzo.

Mbao nazo si lazima ziwe mninga au mkongo kila mahali. Mbao laini za misonobari kutoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, zinafaa kwa rafu, stuli na sehemu za ndani zisizobeba uzito mkubwa, mradi zimekauka na kutiwa dawa ya wadudu. Hapa Pwani tuna pia minazi mizee iliyokwisha kuzaa. Mbao ya mnazi inayofaa ni ile ya upande wa nje, hasa sehemu ya chini ya shina, kwani moyo wake ni laini. Ikikaushwa vizuri na kupigwa vanishi, hutoa stuli na meza ndogo zenye madoa ya kupendeza. Mbao yoyote unayonunua, dai risiti na uulize hati zake. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imehifadhiwa, na mbao za magendo zinaweza kukufilisi kwa faini.

Mkague fundi kama unavyokagua mbegu

Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Kabla ya kutoa kianzio, andikianeni aina ya mbao, vipimo, bei na tarehe ya kukabidhi. Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: nenda ukalione kochi kabla halijavalishwa kitambaa. Angalia kama viungo vimechomekwa na kutiwa gundi, au vimegongewa misumari tu. Tafuta vitundu na unga wa bungua. Inua kona moja. Fremu ikipinda au kulia, itakulilia nyumbani. Bonyeza sponji kwa goti. Ikichelewa kurudi au ukigusa ubao, haitamaliza mwaka.

Pima chumba, halafu mlango

Uzuri wa sebule hautokani na wingi wa vitu. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina futi za mraba 144. Kochi la watu watatu lenye futi 7 kwa 3 huchukua 21, la wawili lenye futi 5 kwa 3 huchukua 15, viti viwili vya futi 3 kwa 3 huchukua 18, na meza ya futi 4 kwa 2 huchukua 8. Jumla ni 62, kabla hujaweka kabati. Watu wanabaki kupita ubavuubavu. Chora vipimo sakafuni kwa chaki kabla ya kuagiza, na usisahau kupima mlango.

Katika chumba hicho kochi moja, viti viwili vyepesi na meza ndogo vinatosha. Rangi moja ya ukutani, rangi mbili za vitambaa na nafasi ya kupita hufanya chumba cha kawaida kionekane cha kisasa. Kwa mito, tumia khanga au kitenge. Kwa sakafu, mkeka wa ukili uliosukwa na akina mama wa vijiji vya Kisarawe hauoni haya mbele ya zulia la dukani, hukung'utwa kirahisi, na fedha yake hubaki kwa jirani zetu. Fedha ya kwanza kabisa ya nyumba, hata hivyo, ielekezwe kwenye kitanda na godoro. Mgeni hukaa saa moja sebuleni, lakini mgongo wa kulimia hulala kitandani kila siku.

Banda langu lilikaa tupu miezi tisa. Vifaranga niliwanunua baadaye, 50 badala ya 100, na seti ile nikaiuza kwa hasara. Leo sebuleni kuna kochi moja la mninga, viti viwili vilivyokuja mwaka mmoja baada yake, stuli za mnazi na mkeka. Kabati la televisheni bado. Limo katika fungu la mayai, na likitimia ndipo nitakapomwita fundi.